Pumzi ya Askari: Kipimo cha Ukakamavu Kinamdai Nani?

Mtu akipiga ripoti usiku kwamba kuna wezi katika orofa ya sita ya jumba la kupanga kule Pipeline au Umoja, mitaa ya Nairobi, askari wanaoitikia wito hupanda ngazi, kwa kuwa majumba mengi ya huko hayana lifti. Hupanda wakiwa na buti, mkanda wenye pingu na tochi, pengine fulana ya kuzuia risasi, na angaa mmoja wao amebeba bunduki ya kilo nne hivi. Wakifika juu, kazi ndiyo kwanza inaanza: kusema na mtu kwa sauti tulivu, kutambua katika sekunde chache kama alichoshika ni simu au kisu, na huenda kumkamata mtu asiyetaka kukamatwa. Askari aliyefika pale akihema hawezi kutoa amri inayosikika, mikono yake haitulii, na uchovu humsukuma kuamua upesi kuliko inavyofaa. Hapo ukakamavu wa polisi unakuwa jambo la usalama wa mama na watoto walio nyuma ya mlango ule, wala si jambo la gwaride tu.

Hapa Nairobi mjadala wa ukakamavu wa polisi huzuka mara kwa mara, na mara nyingi chanzo chake ni picha. Askari mwenye kitambi hupigwa picha akiwa barabarani, picha husambazwa kwenye simu, watu hucheka, na mambo huishia hapo. Kicheko hicho kimetunyima nafasi ya kuuliza jambo zito zaidi, nalo ni hili: ikiwa kazi inadai mwili wenye uwezo fulani, nani anawajibika kuutunza uwezo huo katika miaka 30 au zaidi ya utumishi? Jibu la haraka ni kwamba askari mwenyewe anawajibika. Nakubali kwamba ana sehemu yake. Hata hivyo, nitaeleza hapa kwa nini sehemu kubwa ya jibu iko kwenye karatasi inayobandikwa ukutani mwa kituo, yaani orodha ya zamu.

Mambo matatu yanayochanganywa

Kwanza inafaa tutenganishe siha, ukakamavu na umbo. Siha ni hali ya mwili kutokuwa na maradhi, au kuwa na maradhi yaliyodhibitiwa: shinikizo la damu, kisukari, mgongo, magoti. Ukakamavu ni uwezo wa mwili kufanya kazi fulani: kukimbia mita kadhaa, kunyanyua, kuvuta, kupanda, kisha kurudiwa na pumzi haraka. Umbo ni kile tunachokiona. Mambo haya matatu huhusiana, lakini hakuna hata moja linaloweza kusimama badala ya jingine. Kuna askari mwembamba ambaye presha yake imepanda bila yeye kujua, na yuko mnene kiasi ambaye atampita mwembamba huyo katika kupanda ngazi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwahi hata kupimwa. Askari wametoka katika jamii hiyo hiyo. Kumpima afisa kwa kumtazama tumbo ni kupima kisichohusika na kuacha kinachohusika.

Jambo la pili linalochanganywa ni kipimo cha kuingia kazini na kipimo cha kubaki kazini. Kila zoezi la kuajiri makuruta linapotangazwa, tunawaona vijana uwanjani, miguu mitupu, wakikimbia, wakipimwa urefu, wakikaguliwa viungo na meno. Wanaofaulu huenda Kiganjo, Nyeri, au katika vyuo vya Embakasi, na huko mazoezi ni sehemu ya kila siku tangu alfajiri. Kijana wa miaka 21 hutoka chuoni akiwa na mwili ulionolewa. Ila mwili ni kama panga la mkulima: haunolewi mara moja ukakata misimu yote. Ibara ya 244 ya Katiba inaitaka Huduma ya Kitaifa ya Polisi kuwafunza maafisa wake hadi kiwango cha juu kabisa cha umahiri, na sioni popote ilipoandikwa kwamba mafunzo hayo hukoma siku ya kufuzu.

Hesabu ya pumzi

Ili tuelewe ukakamavu hupoteaje, tuangalie kipimo ambacho wataalamu wa mazoezi hukitegemea kuliko vingine: kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika moja, kikigawanywa kwa uzito wa mtu. Huandikwa kwa mililita kwa kila kilo kwa dakika. Mapafu huingiza hewa, moyo husukuma damu, misuli hupokea oksijeni na kuitumia. Mnyororo huu wote ndio unaopimwa kwa tarakimu moja. Kwa mtu asiyefanya mazoezi, uwezo huu hupungua kwa karibu asilimia 10 kwa kila miaka kumi kuanzia umri wa kati ya miaka 25 na 30. Anayeendelea na mazoezi hupungukiwa pia, ila kwa kasi ndogo zaidi.

Tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni. Konstebo anatoka chuoni akiwa na kilo 70 na uwezo wa mililita 45 kwa kila kilo, yaani jumla ya mililita 3,150 kwa dakika. Tuseme miaka inapita bila mazoezi, uwezo wake unapungua mara mbili kwa asilimia 10, na sasa ni koplo wa miaka arobaini na kitu mwenye mililita 2,551 hivi. Kama angebaki na kilo zake 70, angekuwa na 36 kwa kila kilo. Lakini ameongezeka hadi kilo 85, kwa hiyo amebakiwa na 30 tu. Hakuna siku hata moja alipoamua kuwa mzembe. Ni miaka 20 ya kukaa kwenye vizuizi vya barabarani, kukaa kwenye gari la doria, kukaa kwenye dawati la ripoti, kula saa yoyote chakula kinapopatikana, na kulala mchana nyumba ikiwa na kelele.

Sasa tugeuze hesabu hiyo. Koplo huyo akipunguza kilo 5 tu na kuongeza uwezo wa moyo wake kwa asilimia 10, atafika mililita 35 kwa kila kilo. Ongezeko la asilimia 10 hadi 20 ndilo ambalo mtu aliyekuwa hafanyi mazoezi hulipata kwa kawaida katika majuma manane hadi 12 ya mazoezi ya mpango. Kwa maneno mengine, umbali kati ya aliyeshindwa na aliyefaulu mara nyingi ni miezi mitatu. Nimeichagua tarakimu ya 35 kwa sababu maalumu.

Wenzetu walivyopima

Polisi wa Uingereza na Wales hupimwa ukakamavu kila mwaka, desturi iliyoenea baada ya ripoti ya mwaka 2012 ya Tom Winsor kuhusu ajira na malipo ya polisi. Kipimo chao cha msingi ni mbio za kwenda na kurudi katika umbali wa mita 15, wakifuata mlio unaoharakishwa hatua kwa hatua. Afisa wa kawaida hutakiwa kufika hatua ya 5.4, ambayo ni mizunguko 35, jumla ya mita 525, kwa muda wa takriban dakika 3 na sekunde 35. Kiwango hicho kinakadiriwa kuwa sawa na uwezo wa mililita 35 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika. Ukikokotoa, kasi ya wastani haifiki kilomita 9 kwa saa, mwendo ambao mtoto wa shule aliyechelewa kengele huupita. Ugumu wake uko kwenye kugeuka: mara 34 mwili husimamishwa na kuanzishwa upya, na kila kugeuka kunalipwa na magoti na vifundo vya miguu. Wanaobeba silaha na wa vikosi maalumu huwekewa viwango vya juu zaidi, na asiyeweza kugeuka-geuka kwa sababu ya jeraha huweza kupimwa kwa kutembea kwenye mashine yenye mwinuko.

Kiwango cha msingi ni kimoja kwa wote, mwanamume na mwanamke, wa miaka 22 na wa miaka 54. Hoja yao ni kwamba kipimo kimetokana na kazi, na mshukiwa hamwulizi afisa umri wake kabla ya kutoroka. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, matokeo yao yenyewe yameonyesha kwamba ingawa walio wengi hufaulu, wanawake, hasa wa umri mkubwa, ndio wanaoshindwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Hapo ndipo swali la msaada lilipoingia. Afisa aliyeshindwa hafukuzwi siku hiyo. Hupewa mpango wa mazoezi, hupewa muda, hupimwa tena, na ikibidi huonwa na daktari wa kazini ili ijulikane kama tatizo ni mazoezi au ni maradhi.

Kanada ilipitia somo kali zaidi kuhusu kipimo chenyewe. Tawney Meiorin alikuwa mzimamoto wa misitu katika jimbo la British Columbia, na kazi yake aliifanya kwa namna iliyoridhisha. Serikali ya jimbo ikaleta vipimo vipya, kimojawapo kikiwa ni kukimbia kilomita 2.5 ndani ya dakika 11. Alijaribu mara nne, na muda wake bora ulizidi kiwango kwa sekunde 49.4. Akaachishwa kazi. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba kiwango hicho kiliwabagua wanawake na kwamba serikali haikuthibitisha kuwa kilikuwa cha lazima ili kazi ifanyike kwa usalama. Akarudishwa kazini na kulipwa mishahara aliyoikosa. Mahakama haikusema kwamba kazi za hatari zisiwe na kipimo. Ilisema kwamba mwajiri lazima aonyeshe uhusiano wa kipimo na kazi, aonyeshe kwamba alikiweka kwa nia njema, na aonyeshe kwamba hawezi kumpa mfanyakazi nafasi tofauti bila kupata taabu isiyovumilika.

Kwetu Kenya, Ibara ya 27 ya Katiba inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya afya, umri na ulemavu, miongoni mwa mingine. Ibara ya 41 inalinda haki katika ajira, na ya 47 inadai uamuzi wa kiutawala uwe wa haki na wenye sababu. Mtu yeyote anayetaka kuwapima maafisa wa Nairobi na kuwachukulia hatua walioshindwa afaa asome ibara hizi kabla ya kununua saa ya kupimia.

Kazi ya Nairobi inadai nini

Kipimo halali huanza na uchambuzi wa kazi, na uchambuzi huo haufanywi ofisini. Mtu aende na askari wa doria wa miguu kutoka Kamukunji hadi Gikomba siku ya soko, ahesabu wametembea kilomita ngapi na wameruka mitaro mingapi. Aende Mathare msimu wa mvua, mahali vichochoro vinapoteleza na gari haliwezi kuingia. Aende kwenye ajali usiku barabara ya Mombasa, pale majeruhi wa kilo 80 anapohitaji kutolewa garini kabla moto haujafika. Asimame saa sita kwenye mzunguko wa barabara katikati ya jiji, jua kichwani na moshi wa matatu kifuani. Atagundua kwamba kukimbia kwa kasi ni sehemu ndogo ya kazi na hutokea ghafla, ilhali kusimama kwa muda mrefu, kubeba na kukabana maungo ndiko kunakoumiza. Mbio peke yake hazipimi nguvu ya mikono wala ya mgongo. Ndiyo maana polisi wa kitaifa wa Kanada walitengeneza njia yenye vikwazo vya kuruka, ngazi za kupanda, mashine ya kusukuma na kuvuta, na mzigo wa kubeba.

Pia kuna jambo la mwinuko wa nchi ambalo vitabu vya wageni havitatueleza. Nairobi iko takriban kati ya mita 1,600 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Afisa aliyehamishwa kutoka Lamu au Mombasa atahisi pumzi fupi hadi mwili uzoee, na kumpima juma la kwanza ni kupima safari yake ya basi. Kinyume chake, wa Nairobi anayepelekwa Garissa au Lodwar anahitaji kiasi cha juma moja hadi mawili ili mwili ujifunze kutoa jasho na kuhimili joto. Kwa kuwa uhamisho ni sehemu ya maisha ya polisi, kalenda ya vipimo inafaa iachie nafasi baada ya kila uhamisho.

Watu wengine husema kwamba polisi wa Kenya hawana shida ya ukakamavu, na hutaja wanariadha wetu. Ni kweli kwamba Ezekiel Kemboi, bingwa wa Olimpiki wa mbio za kuruka viunzi na maji mwaka 2004 na 2012, na Julius Yego, aliyerusha mkuki mita 92.72 na kutwaa ubingwa wa dunia kule Beijing mwaka 2015, ni watu wa polisi. Timu ya Kenya Police nayo ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya kandanda msimu wa 2024/25. Tunajivunia. Lakini bingwa anapewa kocha, muda, chakula na mapumziko, na hayo manne ndiyo anayoyakosa konstebo wa zamu ya usiku. Tukitaka kujua mwili wa Mkenya unaweza kufanya nini ukisaidiwa, mabingwa hawa wamejibu; tunachouliza ni kwa nini msaada uishie kwao.

Msaada una sura gani

Wa kwanza katika mstari ni uchunguzi wa afya, na lazima utangulie mazoezi yoyote makali. Mtu aliyekaa miaka kumi bila kukimbia, kisha akaamrishwa kukimbia kwa nguvu zake zote siku moja, yumo hatarini. Juhudi kali za ghafla huongeza uwezekano wa shambulio la moyo kwa asiyezoea. Kupima presha, sukari, uzito na mzunguko wa kiuno, na kuuliza maswali machache kuhusu maumivu ya kifua, kizunguzungu na dawa anazotumia, ni kazi ya dakika 20 kwa muuguzi mmoja. Matokeo yawe siri ya afisa na mhudumu wa afya. Yakianza kuzungumzwa kantini, hakuna atakayejitokeza mara ya pili, na mwenye presha atameza woga wake na kukimbia hivyo hivyo.

Baada ya hapo huja mpango wenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi hukosea. Kosa la kawaida ni kurudia mazoezi ya Kiganjo: watu 40 wa umri tofauti wanaamshwa alfajiri, wanakimbizwa kilomita 10 kwa mwendo mmoja, nusu yao wanaumia, na juma linalofuata hakuna anayekuja. Mwili wa miaka 45 hujengwa taratibu. Siku tatu kwa juma zinatosha kuanzia. Majuma mawili ya mwanzo, kutembea kwa haraka nusu saa. Kisha kukimbia dakika moja na kutembea mbili, mara nane. Kufikia juma la tano au la sita, kukimbia dakika mbili na kutembea moja. Mazoezi ya kugeuka kwenye mita 15 yasianze kabla ya juma la saba, baada ya misuli ya mapaja na vifundo kupata nguvu, na yafanywe kwa raba, kwenye nyasi au udongo, si kwa buti juu ya lami. Katika siku mbili za juma iongezwe kazi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, na kubeba mitungi miwili ya maji ya lita 20 kutoka mferejini hadi mwisho wa laini na kurudi. Mitungi hiyo miwili ikijaa ni kilo 40, na karibu kila nyumba ya laini ya polisi inayo. Jimu ya kisasa ni nzuri kuwa nayo, lakini kuingojea kumekuwa kisingizio cha muda mrefu. Mpango wa namna hii huelekea kwenye mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, yaani dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, au nusu yake yakiwa makali, pamoja na kazi ya misuli angaa siku mbili.

Dakika hizo zitatoka wapi? Hapa ndipo orodha ya zamu inapoingia. Afisa anayetoka kazini saa moja asubuhi baada ya kukesha, akapanda matatu hadi Kitengela au Ruiru anakoishi tangu maafisa waruhusiwe kupanga nyumba nje ya kambi baada ya mageuzi ya mwaka 2018, anafika nyumbani saa tatu. Usingizi wake wa mchana hukatwa na jua, watoto na simu. Usingizi mfupi huongeza njaa, hasa hamu ya vyakula vitamu na vya mafuta, na huvuruga namna mwili unavyotumia sukari. Kumwambia afisa huyo ajitafutie muda wa mazoezi ni kumtaka aukate usingizi ambao tayari hautoshi. Mkuu wa kituo anayetenga dakika 40 ndani ya saa za kazi, mara tatu kwa juma, kwa vikundi vya watu watano watano ili kituo kisibaki kitupu, amefanya kazi ambayo hotuba 100 haziwezi kuifanya. Na anayepanga zamu asimweke mtu kwenye mazoezi makali asubuhi aliyotoka kukesha.

Najua jibu litakalotoka vituoni: watu hawatoshi. Ni jibu la kweli, na sitaki kulipuuza. Lakini afisa mmoja aliyelazwa kwa maumivu ya mgongo huondoa saa nyingi zaidi kwenye orodha kuliko dakika 120 kwa juma. Jopo kazi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, ambalo lilikabidhi ripoti yake mwaka 2023, liliundwa mahsusi kuchunguza mazingira ya kazi ya polisi na magereza, na mapendekezo yake ya mishahara ndiyo yaliyovuta macho ya wengi. Mshahara ni muhimu sana, maana chakula bora hununuliwa. Lakini hata mshahara ukiongezwa maradufu hautaongeza saa kwenye siku ya afisa.

Chakula nacho kisiachwe. Chai yenye sukari nyingi na mandazi mawili alfajiri, kisha chapati na madondo saa tisa kwenye kibanda, kisha ugali mkubwa saa nne usiku: hiyo ndiyo siku ya wengi. Madondo si adui. Maharagwe, sukuma wiki, mayai na matunda ya soko la Wakulima ni chakula bora na cha bei ya chini. Kinachohitajika ni saa maalumu ya kula na kantini inayopika baada ya giza. Zaidi ya hapo sina la kuongeza, maana afisa ni mtu mzima.

Mama aliyerudi kazini, mzee, na aliyeumia

Askari wa kike aliyejifungua hurudi baada ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Wataalamu wa viungo wanaoshughulikia akina mama hushauri kwamba kukimbia kusianze kabla ya juma la 12 baada ya kujifungua, na baada ya hapo kuanze hatua kwa hatua, huku misuli ya nyonga ikichunguzwa. Maana yake ni kwamba siku anayovaa sare tena ndiyo siku ya mapema kabisa anayoweza *kuanza* kujenga mwili, na bado ananyonyesha, na bado analala vipande vipande. Kumpima katika mwezi huo kungekuwa dhuluma. Apewe miezi sita au zaidi tangu arudi, kwa ushauri wa daktari wake, na kusiwe na alama yoyote kwenye faili lake kwa ajili ya muda huo.

Afisa mwenye umri mkubwa anahitaji kitu kingine: kuanza mapema. Sajini wa miaka 52 asiarifiwe mwezi mmoja kabla ya kipimo. Apimwe kwa siri mwaka mzima kabla, aambiwe yuko wapi, na apewe nafasi. Aliyeumia kazini naye, aliyevunjika mguu kwa kuanguka mtaroni akimfuata mwizi, huyo ndiye anayemdai mwajiri zaidi ya wote: gharama za mtaalamu wa viungo, muda wa kupona kikamilifu, na kipimo mbadala kama goti halitarudi lilivyokuwa.

Aibu ndiyo inayobaki, na ni nzito kuliko mitungi. Katika kazi ambayo afande huitwa afande kwa sababu ya heshima, kushindwa mbele ya vijana wa juzi kunaumiza. Nimesikia hoja kwamba aibu hiyo ndiyo itakayowasukuma. Sikubaliani nayo. Aliyeaibishwa huugua siku ya kipimo, au hutafuta karatasi ya daktari, au hutafuta mtu wa kumwandikia kwamba amefaulu, na hapo kipimo kinakuwa mlango mwingine wa hongo katika nyumba ambayo tayari ina milango mingi. Wapimwe watu wachache wachache, na mpimaji atoke nje ya kituo, asiwe mtu anayejua nani anapandishwa cheo mwezi ujao.

Watakuwapo wachache ambao, baada ya uchunguzi, mpango na majaribio mawili au matatu, bado hawatafika. Hao wana miaka ya ujuzi ambayo Huduma imeilipia. Chumba cha mawasiliano kinahitaji mtu anayeijua Eastlands kwa majina ya vichochoro. Stoo ya vielelezo inahitaji mtu mwaminifu. Dawati la jinsia linahitaji mtu mzima anayejua kusikiliza. Kuhamishiwa huko kusiwe kushushwa cheo, na kusiwe kaburi. Barua ya kumhamisha iandikwe sababu, itaje kazi mpya na mshahara ule ule, na chini yake, kabla ya sahihi, iwekwe tarehe atakayopimwa tena akitaka kurudi.